Kamati ya Kumtembeza Baba

Nililala kikaoni nikiwa mwenyekiti. Sisemi kusinzia kule kwa kichwa kudondoka na kuinuka. Nililala kabisa, usingizi wa mtu aliyelipia chumba cha gesti. Ilikuwa Jumapili alasiri, kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa mwalimu mwenzangu, tumekaa kwenye bustani ya baa moja hapa Elerai, viti vya plastiki vimepangwa duara. Nikafungua kikao kama kawaida, nikamwomba mama mmoja atuongoze kwa sala, tukainamisha vichwa. Akasema amina. Wenzangu wakainua vichwa vyao, changu kikabaki chini.

Kwa kuwa mimi ni mama wa Kilutheri na watu wananiheshimu, hakuna aliyethubutu kunigusa. Wakadhani Mwalimu ana mzigo wake anauweka mbele za Mungu. Wengine wakainamisha vichwa tena ili kunisindikiza. Niliambiwa baadaye kwamba walikaa hivyo mpaka mhudumu alipokuja na soda, akaangusha kizibo mezani, nami nikashtuka nikasema kwa sauti ya mamlaka, "Kamati ya vinywaji, karibuni." Hapo ndipo walipojua. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilicheka nao, lakini moyoni niliogopa sana, kwa sababu kwa muda sikuweza kukumbuka harusi tunayoijadili ilikuwa ya nani.

Sisi watu wa Arusha hatuwezi kufanya jambo bila kamati. Harusi ina kamati, sendofu ya kumuaga bibi harusi ina kamati, kipaimara cha mtoto kina kamati, na msiba unaundiwa kamati kabla marehemu hajafika mochwari. Kamati ikishazaliwa inapewa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha nayo inazaa kamati ndogo: ya chakula, ya mapambo, ya usafiri. Shughuli ikipita, wajumbe wanakutana mara ya mwisho kula na kunywa ili kuvunja kamati. Na hapo hapo kwenye kuvunja kamati, mtu anasimama anasema jamani, na binti yangu mimi naye amepata mchumba. Kila mtu anageuka kumtafuta mwenyekiti aliyezoea, na mwenyekiti aliyezoea nilikuwa mimi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, tena makamu wa mkuu wa shule. Ukiwa mwalimu watu wanaamini ulizaliwa na kalamu mkononi na kengele shingoni. Mwaka huo nilikuwa katibu wa akina mama usharikani, mjumbe wa ujenzi wa kanisa, mwenyekiti wa ile harusi na makamu katika nyingine, na shuleni nilikuwa nimebeba ratiba, mitihani na nidhamu ya watoto wanaoruka ukuta. Kusema hapana huku kwetu ni kama kumrudishia mtu chakula alichokupakulia. Nilikula sahani zote.

Wakati huo huo baba yangu alikuwa anajifunza kutembea.

Baba anakaa juu ya Olmotonyi, kule ambako lami imeshakwisha na migomba imeanza, kwenye shamba alikozaliwa. Ni karibu mno na mjini. Nadhani ndiyo maana nilikuwa siendi. Ndugu wa mbali unampangia safari, unamnunulia na zawadi. Wa karibu unasema nitapita kesho, na kesho hiyo haiishi. Kiharusi kilimkuta akipogoa mibuni yake, kikamlegeza upande wa kulia. Sauti ilimrudia mapema na ukali wake wote, ila mguu uligoma. Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alituambia waziwazi: mguu huu dawa yake ni kutembezwa, kila siku, na miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita akiwa amekaa, atakaa.

Baba alimsikiliza, kisha akauliza swali moja tu. Kushuka bondeni ataweza?

Bondeni ni kwa mama. Mama amelala chini kabisa ya shamba, ukishapita mibuni na migomba, kwenye kitambarare kidogo alichokuwa akianikia kahawa. Tangu tumzike, kila Jumapili baada ya ibada baba alikuwa anashuka akiwa bado na koti lake la kanisani, anasimama pale na kumpa habari: nani kahubiri, nani kajifungua, ng'ombe yupi anachagua majani. Alikuwa anazungumza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake aliyeko jikoni. Njia ya kwenda huko ni mteremko wa udongo mweusi, ikinyesha kidogo anateleza hata mwenye miguu mizima. Kiti cha magurudumu hakifiki. Kaka yangu mkubwa alisema watafutwe vijana wambebe na kiti chake, wamshushe na kumpandisha. Baba akasema hapana. Tulimwuliza kwa nini, akatazama pembeni.

Basi tukakutana wote nyumbani kwake kulijadili. Kaka mkubwa alitoka Dodoma, mdogo wangu wa kike akatoka Moshi, nami nikatoka hapo chini Elerai nikachelewa kuliko wote. Kaka yangu wa pili ni dereva wa watalii, wiki nzima yuko porini, hivyo aliwakilishwa na mkewe, wifi yangu, ambaye ndiye anayekaa na baba. Kaka mkubwa akafungua kwa sala, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, jambo hili tulipeleke kwa utaratibu." Ukimsikia mtu wa kwetu anataja utaratibu, jua kamati iko njiani.

Ikazaliwa pale pale, kati ya chupa ya chai na sahani ya maparachichi, baba akiwa amekaa katikati yetu. Ikaitwa kamati ya kumtembeza baba. Kaka akawa na wazo: tujenge njia ya zege mpaka kwa mama, yenye ngazi fupi na vyuma vya kushikilia, baba atembee kwa raha zake. Wazo zuri, tukalipigia makofi. Mdogo wangu akawa katibu. Mwenyekiti hamna haja ya kuuliza.

"Na mimi humo kwenye kamati yenu ni nani?" baba akauliza.

"Wewe baba ni mgeni rasmi," mdogo wangu akajibu, tukacheka sana.

"Mgeni rasmi huwa anafika watu wameshachoka," akasema baba. Tukazidi kucheka.

Likafunguliwa kundi la WhatsApp, likapewa jina la Baba Atembee. Sijawahi kuona kundi lenye bidii namna ile. Asubuhi maombi, mchana picha za njia za zege za watu wengine, jioni mjadala wa vyuma: vya mviringo au vya bapa? Tulibishana kama ngazi zianze kwenye mibuni au kwenye migomba. Tulimpata fundi, tukamkataa, tukampata mwingine. Kaka alikuwa anatuma muhtasari wenye vipengele, mdogo wangu anaweka alama ya mikono iliyofumbatana, nami naandika "tumepokea" nikiwa kwenye kikao kingine. Nilikuwa naona kabisa kwamba nashughulika na baba. Ungenishika siku hizo ukaniuliza, ningekuapia kuwa hakuna binti anayemhangaikia mzazi wake kama mimi. Huko juu, wifi alikuwa anamtoa kwenye kiti anamfikisha getini na kumrudisha, siku ambazo ng'ombe wamemruhusu.

Nyumbani kwangu nako nilikuwa mgeni rasmi wa aina yangu. Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro, ana duka la vifaa vya ujenzi Daraja Mbili, mpole kwa maumbile. Alishaacha kunisubiri kula. Siku moja aliniambia, bila kugomba, "Mke wangu, sisi Wachaga tunajulikana kwa kukimbizana na maisha, lakini hata sisi Desemba huwa tunarudi nyumbani. Wewe hata Desemba hurudi." Nikamjibu kwamba nitalizingatia. Ndivyo nilivyokuwa nimeanza kumjibu mume wangu.

Na binti yetu, yuko darasa la tano, alikuwa amejifunza mwenyewe namna ya kunipata. Nikiingia ananiruhusu nivue viatu, kisha anasimama mbele yangu na kusema, "Mama, leo nina ajenda mbili na mengineyo." Wageni walikuwa wakisikia wanasema huyu mtoto atakuwa mbunge. Nilikuwa naona fahari. Sasa nikikumbuka naumia, maana mtoto wa umri ule hapaswi kujua kwamba mama yake haingiliki bila ajenda.

Mwili wangu ulikuwa umeshaanza kunisema. Shuleni kwetu madarasa ya kidato cha nne yako ghorofani, na nilikuwa napanda ngazi nimeshika ukuta, nikifika juu nasimama dirishani kana kwamba nakagua uwanja, kumbe natafuta pumzi. Zamani nilikuwa mtu wa kutembea. Kabla ya vyeo nilikuwa naamka alfajiri natoka Elerai na kanga yangu kiunoni, nazunguka mpaka jua lichomoze upande wa mlimani. Nililala nimechoka na kuamka nimechoka zaidi. Siku moja nililia kwa uchungu wote, machozi na kamasi, kwa sababu kifuniko cha chupa ya chai hakionekani. Mume wangu alikitafuta nyumba nzima. Kilikuwa mfukoni mwangu.

Jioni moja nilirudi kutoka kikao cha usharika. Simu nilikuwa nimeizima, maana mimi mwenyewe ndiye huwa nawatangazia wajumbe wazime simu zao. Binti yangu alikuwa ananingoja mlangoni, na baba yake amesimama nyuma yake. Ajenda ya kwanza ilikuwa viatu vya shule vimeachia soli. Ya pili, mwalimu wa hisabati anataka kuniona. Nikasema haya, nimesikia, mengineyo?

"Mengineyo," akasema, "babu ameanguka. Anti wa Olmotonyi amepiga simu tangu mchana."

Nilimfokea. Nikamwuliza kwa nini hakuanza na hilo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Si ulisema mama, ya dharura huwa yanaingia kwenye mengineyo?" Mume wangu akaniambia baba hajavunjika kitu, ameshaonwa na daktari, tutaenda asubuhi. Sikuweza hata kuvua viatu. Nilikaa pale kwenye kochi na mkoba begani, na binti yangu akaja akaukalia mguu wangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, ingawa sasa ni mzito.

Asubuhi tulimkuta baba kwenye kiti chake, shavu limechubuka, blanketi magotini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Wifi alinieleza pembeni: alikwenda kukata majani ya ng'ombe, kurudi akakuta kiti kitupu. Akamkuta mzee chini ya mibuni, amelala juu ya majani yaliyolowa, ameshikilia shina la mbuni kwa mkono wake mzima. Hakupiga hata kelele. Wifi alikuwa na hasira na sisi wote na hakuzificha, na alikuwa na haki.

Nikapiga magoti mbele ya baba. "Shikamoo, baba. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Marahaba, mama. Unajua nilikokuwa naenda." Baba huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Sasa kwa nini hukutusubiri?"

"Niliona kamati haijakaa," akasema.

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Mzee wa watu alikuwa anatoa taarifa tu. Mchana alikuja yule dada wa mazoezi, akamminya mguu, akamwambia asimame. Baba akakataa. Akambembeleza, akakataa tena, ameng'ang'ania viegemeo vya kiti. Dada yule alinitoa nje akaniambia kuwa sasa hofu imeingia mguuni, na mguu wenye hofu hukauka haraka kuliko ule wenye ugonjwa. Asiposimama sasa, mvua za vuli zikianza na njia zikiwa utelezi, hatasimama tena. Nilimwangalia baba kupitia mlangoni. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, upande wa bondeni, ambako kwa ukungu ule hapakuonekana kitu.

Nikachukua simu, nikawapigia ndugu zangu wote pamoja, nikaiweka mezani sauti ikiwa juu ili baba asikie.

"Tutafute siku ambayo wote tuna nafasi," kaka mkubwa akaanza, "tukae kama kamati tulitathmini hili."

"Hamna kukaa," nikasema. "Mimi ndiye mwenyekiti na ninavunja kamati."

"Kamati haivunjwi kabla ya shughuli, wewe unajua."

"Kaka, shughuli imeanguka jana ikalala kwenye matope."

Nikamsikia mdogo wangu anaanza kulia huko Moshi. Kaka alikasirika, alisema nimelichukulia jambo la familia kama langu peke yangu, alisema na ile njia ya zege je, fundi ameshapatikana. Nikamwambia ajenge, itatufaa, ila mwenyekiti wake atafutwe mwingine kwa sababu mimi kuanzia leo nina kazi ya kumtembeza baba. Wifi alikuja akanimiminia chai, akaniwekea sukari nyingi kama anavyowawekea wagonjwa.

Kuteuliwa huku kwetu ni dakika moja. Kujiuzulu ni kazi ya msimu mzima. Usharikani walinielewa, wakaniombea, kisha wakaniambia nipumzike vizuri, ila nimalizie kwanza mwaka. Kamati ya harusi ilituma wajumbe nyumbani kunibembeleza. Waliunda kamati ndogo kwa ajili hiyo. Mume wangu aliwapokea getini. Akawaambia Mwalimu hayupo, yuko mazoezini. Wakamwuliza, kwani anaumwa? Akajibu ndiyo, anaumwa. Niliposimuliwa nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu. Lilikuwa ni kweli na mimi mwenyewe sikuwahi kulisema. Kuna waliochukia, na mmoja wao hanisalimii mpaka leo tukikutana sokoni. Shuleni nilimwachia mwenzangu ratiba na mitihani, nikabaki na nidhamu, na kengele ya mwisho ikilia nachukua bodaboda napanda Olmotonyi.

Siku ya kwanza tulibishana kwenye kiti mpaka jua likaegemea. Siku ya pili alisimama, akakaa. Ilichukua muda kufika getini, na tulipofika tukakaa wote wawili kwenye gogo, mimi nikihema kuliko yeye. Njia ya mbele ya nyumba ina kimlima kidogo sana, mtoto anakipanda akiruka kamba, lakini mimi kilinimaliza. Jirani mmoja alipita na mzigo wa majani kichwani.

"Shikamoo, mzee. Naona mazoezi."

"Marahaba. Namtembeza huyu," baba akasema, akininyooshea mkongojo. "Madaktari wamemkataza kukaa."

"Maskini! Pole sana, Mwalimu."

Nilimgeukia baba nikiwa tayari kwa ugomvi, nikakuta anatazama mbele na uso wa mchungaji. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tangu siku hiyo kijiji kizima kilijua kuwa binti wa mzee ni mgonjwa na baba yake anamhangaikia. Walikuwa wananiletea ndizi.

Ningependa kuandika kwamba hewa ya mlimani iliniponya, kwamba baada ya wiki chache nilikuwa narukaruka. Uongo. Uchovu wa miaka hautoki kwa matembezi. Kuna siku nilifika kule nikamwambia baba nipe nafasi nijinyooshe, nikalala kwenye benchi la nje lililotandikwa mkeka mpaka ukindu ukanichora shavuni, na nilipoamka nikamkuta amekaa kando yangu akifukuza inzi kwa kofia. Kuna siku nilimchukia, naye akanichukia, tukatembea bila kusemezana. Alikuwa mkali. Mguu ukikataa anautukana kwa lugha ya nyumbani, matusi ambayo sikujua kama mzee wa kanisa anayajua. Nikimshika kwa nguvu analalamika, nikimwachia analalamika. Lakini tulikuwa tunaongea, na nikagundua kuwa kwa miaka mingi nilikuwa namjulia hali tu. Alinieleza jinsi alivyomwogopa mama siku za mwanzo za ndoa. Nilimweleza kwamba naogopa binti yangu ananizoea kama nisiyekuwepo. Hakunipa ushauri. Aliuliza tu, "Sasa yuko wapi?" na Jumamosi iliyofuata nilimleta.

Jumamosi zikawa zetu wote. Mume wangu alikuwa anafunga duka mapema, anakuja na nyama na kiti cha kukunja ambacho anakitanguliza mbele ili baba apate pa kupumzikia. Binti alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya babu yake akimwita kama anavyoitwa mtoto anayejifunza, naye baba anafuata akigomba. Wifi anatupikia loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, tunakula tukiwa tumenyamaza kwa njaa ya kweli. Jioni nikirudi Elerai miguu inawaka moto, na usingizi ulianza kunipata kitandani, mahali pake. Binti naye alianza kunisimulia mambo ovyo ovyo, ya katikati kabla ya mwanzo, mara shuleni, mara paka wa jirani. Sikumkatiza.

Kaka mkubwa alikuja mara moja kutoka Dodoma, hasira zake zikiwa zimepungua nusu. Hakuitaja zege. Alimshika baba mkono wa kushoto wakaenda mpaka kwenye mibuni ya kwanza wakarudi, na aliporudi alikwenda nyuma ya zizi akakaa huko kwa muda.

Vuli ilikuwa imeshaanza kunukia. Jumapili moja nilikwenda na baba ibada ya kule kule kwake, tukarudi, wifi akamtolea nguo za nyumbani. Akakataa kuvua koti. Akasimama mwenyewe, akashika mkongojo, akaniambia, "Mama, twende. Mvua ikishika hatutaweza."

Nilimwomba tusubiri Jumamosi, mume wangu awepo. Akawa ameshaanza kutembea.

Tulishuka polepole kuliko nilivyowahi kushuka popote. Kwenye mibuni alikuwa anashika mashina, shina baada ya shina, nami niko mbele yake nimemgeuzia uso, mikono nimeitanua kama kipa. Pale alipoanguka alisimama, akapatazama, akapapita. Kwenye migomba majani makavu yalikuwa yanateleza. Nilikuwa najua kwamba akiniangukia hapa tunaserereka wote, na wifi atakuja kutukusanya. Mara mbili alisema basi, hapa panatosha. Mara mbili tulikaa chini kwenye udongo, koti la kanisani likichafuka, na mara mbili yeye ndiye aliyesema haya, twende. Sikumbuki nilisema nini njia nzima. Nadhani nilikuwa naomba.

Tukafika. Magugu yalikuwa yameshaanza kupanda kwenye saruji ya kaburi, nikataka kuyang'oa, baba akanizuia kwa mkono. Alivua kofia. Akaanza kumpa mama habari, zote alizokosa kumpa tangu augue, kwa ile sauti yake ya kuongea na mtu aliyeko jikoni: mchungaji amehamishwa, ndama wawili wamezaliwa, jirani amemwoza binti yake. Alichukua muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nimeshika koti lake, nikilia bila kujificha.

Alipomaliza nilimkalisha kwenye ukingo wa kaburi. Nikamwuliza lile swali ambalo alikuwa hajatujibu. "Baba, kwa nini ulikataa wale vijana wakubebe? Ungekuwa umeshafika zamani."

Akaonyesha kwa mkongojo wake nyasi za kando ya mama, mahali palipoachwa wazi, ambapo sisi wote tunajua ni pa nani.

"Hapa nitaletwa nimebebwa," akasema. "Hilo halina ubishi. Sasa mama yako akiniona naja mabegani mwa vijana, si angedhani ndiyo nimekuja moja kwa moja? Nisingetaka kumchanganya. Nilitaka nije mara hii moja kwa miguu, nimwambie bado."

Hasira ilinipanda, sijui kwa nani. Kwa kiharusi, kwa zile nyasi, kwa vikao vyote nilivyofungua kwa sala na kuvifunga kwa sala.

"Mara moja ndiyo nini?" nikamwambia. "Kesho tunashuka tena, baba. Na keshokutwa."

"Kesho mguu utauma sana."

"Uume," nikasema, nikampa mkono ili anyanyuke.